Mkono Uliohesabiwa

Jirani yetu muuza mkaa hapigi hodi. Husimama mlangoni, kivuli chake kikatangulia kuingia, ndipo ujue kuna mtu. Jumanne ile jioni kivuli kiliingia nikiwa namwogesha mtoto kwenye beseni, na kabla sijakausha mikono nimkaribishe alikuwa ameshasema.

"Mama mkwe wako ametuuza."

"Karibu, dada."

"Sikai. Natoka baraza la jiji sasa hivi. Kile chumba cha watoto cha sokoni kimefutwa kwenye bajeti. Na aliyenyanyua mkono kifutwe, wa mbele kabisa, ni mheshimiwa wako. Tena hakunyanyua tu kama wenzake. Alisimama! Wima, mkono juu, anaupunga kama anasimamisha lori!"

"Labda kutoka kule roshani hukuona vizuri."

"Mimi gunia la mkaa lenye mawe nalijua kabla halijafunguliwa. Nitashindwa kumjua Mama Chanuo? Muulize amepewa nini. Ukishajua uniambie, maana mimi kura yangu nilimpa bure."

Akaenda zake. Mtoto akapiga maji kwa kiganja, yakanirukia usoni, nikabaki pale nimechuchumaa sijui nijifute au nisijifute.

Mama Chanuo ni mama yake mume wangu. Jina hilo amepewa kwa sababu chanuo halitoki kichwani mwake, hata siku aliyoapishwa udiwani alikuwa nalo, amelichomeka juu ya sikio kama seremala na penseli yake. Kazi yake ni kusuka. Amesuka sokoni, kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa maduka ya nafaka, tangu mume wangu hajaanza kutambaa. Baba mkwe alifariki mapema, na mtoto hakuwa na wa kumwachia. Kwa hiyo alimfunga. Alichana kitambaa, ncha moja akaifunga kiunoni mwa mtoto, ncha ya pili kwenye mguu wa benchi, akasuka vichwa vya watu huku akivuta kitambaa kwa kidole cha mguu kila mtoto alipoelekea njia ya mikokoteni. Mume wangu sasa anaendesha lori, mtu mzima na ndevu zake, lakini mkeke hata uwe mpana vipi atakwenda kukaa pembeni, karibu na mguu wa kitu. Mama humcheka, kisha hunyamaza.

Nilipojifungua nikarudi sokoni kwenye meza yangu ya nguo za watoto za mitumba. Binti yangu alipoanza kutambaa nilimfunga kwa mtandio kwenye mguu wa meza. Hakuna aliyenifundisha, ila sikuwa na njia nyingine. Mama akapita kwenda kununua uzi wa kusukia, akatuona. Alisimama pale muda. Kisha akainama akamwambia mtoto, "Hata wewe, mke mwenzangu?"

Mwaka ule ule akagombea udiwani wa kata ya sokoni.

Hakuwa na gari wala vipaza sauti. Alikuwa na vichwa. Mtu aliyekaa kusukwa hawezi kuondoka nusu nusu, kwa hiyo Mama alikuwa na muda wa kumweleza kila mwanamke, mstari kwa mstari, kwamba soko lile linataka chumba: chenye ukuta, maji, choo cha watoto, na mlezi anayelipwa na jiji. Wanaume walicheka. "Msusi anakwenda kulisuka baraza," walisema. Alishinda.

Nikaja kujifunza kwamba kushinda ni mlango tu. Fedha ya jiji haitoki kwa kuombwa. Kwanza maofisa walikuja katani kusikiliza maoni. Siku ile muuza nyanya, ambaye mtoto wake alikanyagwa na mkokoteni, alisogea mbele. Alimvua mtoto kiatu, akauweka ule mguu mdogo uliopinda juu ya meza ya maofisa, katikati ya makaratasi yao. Wakaandika. Mweka hazina wa jiji akakiingiza chumba chetu kwenye rasimu ya bajeti, kifungu kimoja kati ya vifungu vingi: barabara, taka, taa, mishahara, mifereji. Kamati ya fedha ikaipitia. Kisha rasimu ikafika kwenye baraza lenyewe, na baraza hukaa mara mbili. Kikao cha kwanza ni cha vifungu, kila kimoja kinapigiwa kura kibaki au kifutwe. Cha pili ni cha kupitisha bajeti nzima, na hicho kilikuwa Ijumaa. Kilichofutwa Jumanne, Ijumaa hakimo. Ni mpaka mwaka mwingine, kama kuna mwaka mwingine.

Fedha ya chumba chetu walitaka kuihamishia kwenye banda la kuegeshea magari ya madiwani, yasipigwe na jua.

Jumanne ile Mama alirudi jua linazama. Akavua viatu vya baraza, vile vinavyombana, akaviweka sambamba mlangoni. Mtoto akamkimbilia, Mama akambeba, akamlaza begani, wala hakumwita mke mwenzangu.

"Umeshasikia," akaniambia.

"Nimesikia, mama."

"Wamekwambia nilisimama."

"Wamesema."

"Ni kweli. Nilisimama."

Nikangoja aendelee. Akaketi mkekani. Nikamwekea chakula, akakigusa, akakifunika, na mimi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake alasiri akaja Mama Miwani kusukwa. Huyu ni diwani wa kata ya mlimani, mama wa makamo, amekaa kwenye baraza lile kabla ya meya wa sasa na kabla ya meya aliyemtangulia. Alikuwa ameshaweka miadi ya kusukwa kabla ya kikao cha Ijumaa. Akaketi mkekani katikati ya magoti ya Mama, akavua miwani akaiweka mapajani. Mimi nilikaa pembeni nikichambua nywele za kuunganishia, mtoto amelala mapajani kwangu.

"Nimekuja kwa sababu nimeshafumua kichwa," Mama Miwani akaanza. "Ningekuwa sijafumua, hapa nisingekanyaga."

"Sema tu, mheshimiwa. Kichwa chako ninacho mimi."

"Umenivunja mgongo! Kule kwangu mlimani hata soko hatuna. Niliwapigia kura watoto wenu. Nageuka kumtazama mwenye soko, namwona yuko upande wa pili, amesimama, anapunga!"

Mikono ya Mama ikasimama.

"Nilikuwa naomba kusema," akasema.

"Ulikuwa nini?"

"Naomba nafasi. Kwenye mikutano ya kata mtu akitaka kusema si ananyanyua mkono? Nikanyanyua. Meya kama hanioni. Nikanyanyua zaidi. Bado. Nikasimama, nikapunga. Maneno yangu yote nilikuwa nayo hapa mdomoni, ya mume wa huyu alivyokua kwenye mguu wa benchi, ya mtoto wa muuza nyanya, yote. Mara nyundo, go! 'Kimepita, kifungu kinachofuata.' Nikakaa. Nikajua zamu yangu bado. Nimekuja kujua nilihesabiwa wakati wa chai, Kipa aliponipiga bega akaniambia, 'Asante, mama, umetusaidia.'"

Kipa ni diwani aliyekuwa mlinda mlango wa timu ya jiji ujanani mwake, ana mikono kama sinia. Lile banda la magari lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelitafutia kura.

Mama Miwani akainama. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe kicheko. Kilianza chini kwa chini kikamshinda, akashika tumbo.

"Ulikuwa unaomba nafasi! Jamani! Na sisi tunasema, huyu mwanamke ana chuki gani na watoto mpaka asimame!"

"Cheka. Mimi tangu jana sijacheka."

"Kwa nini hukukataa pale pale?"

"Ningesema nini? Kwamba diwani mzima hajui wakati wa kura na wakati wa kusema? Walishasema msusi atakwenda kulisuka baraza. Ningekuwa nimewapa jibu." Akachukua fungu jingine la nywele. "Lakini Ijumaa nitasema. Kumbukumbu za Jumanne zikisomwa, meya huuliza kama kuna mwenye kusahihisha. Nitasimama niseme sikupiga kura ile. Watacheka, wacha wacheke. Jina langu litakuwa safi na watu wangu watajua sikuwauza."

"Safisha, mwenzangu, safisha," Mama Miwani akasema huku anajifuta machozi. Kisha ghafla akashika goti la Mama. "Ngoja. Usisahihishe." Akageuka kumtazama, nywele zikavutika. "Aii!"

"Tulia, nitakusuka upogo."

"Nisikilize. Ukisahihisha, tunatoa kura moja kwao. Bado wametuzidi. Kifungu kimekufa, wewe umesafika. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa, baraza lina kanuni yake. Kilichokwisha kuamuliwa hakirudishwi mezani na mtu aliyeshindwa. Ingeruhusiwa hivyo kila aliyeshindwa angerudisha lake, tusingetoka mle ndani. Anayeweza kusimama akaomba kifungu kifikiriwe upya ni mmoja wa walioshinda, basi. Mimi siwezi. Wote tuliowapigia watoto, hakuna anayeweza. Na watu wa banda la magari wanaweza lakini hawataki. Nani amebaki?"

Mama alikuwa ameshika chanuo hewani.

"Mimi," akasema taratibu.

"Wewe. Mradi mkono wako ubaki pale pale ulipoandikwa. Ukisema haukuwa kura, umejitoa kwa walioshinda, na hoja yako haina miguu." Akashusha pumzi. "Lakini sikufichi. Itabidi uukubali mbele ya watu. Jirani zako watakuwa juu roshani. Utasema kwa mdomo wako kwamba ulipiga kura chumba kifutwe."

Mama akashusha chanuo. Alirudi kwenye kichwa, akawa anasuka haraka kuliko kawaida yake.

"Mwenzangu, unanivuta mpaka macho," Mama Miwani akalalamika. "Ijumaa nitaonekana kama nimeona jini."

Alipoondoka nilitaka kukimbia kwa muuza mkaa nimweleze yote. Nilikuwa nimeshavaa ndala. Mama akanitazama.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua mkaa."

"Mkaa upo." Akakaa karibu yangu. "Mwanangu, likitoka neno hili humu ndani, kesho Kipa analo. Akijua sikupiga kura, yeye mwenyewe ndiye atakayesimama Ijumaa kunisahihishia, tena kwa adabu zote. Na hapo kwaheri."

Kwa hiyo Alhamisi tulikwenda sokoni na midomo yetu imefungwa. Watu hawakutukana. Wangetukana ingekuwa nafuu. Walimsalimia wakitazama kando. Muuza nyanya, ambaye Mama amemsuka tangu ni msichana na hajawahi kumtoza, alikuwa ameketi mbele ya msusi mwingine, upande wa pili wa njia, mwanawe ameketi kando na mguu wake. Macho yao yakakutana. Muuza nyanya akainamisha kichwa, na msusi yule akafurahi kwamba mteja ametulia.

"Amepata mkono mwepesi," Mama akasema, akafuta benchi lake ambalo halikuwa na vumbi. Siku nzima alisuka kichwa kimoja, cha mpita njia asiyemjua.

Jioni nikamuuliza, "Mama, utafanya lipi?"

Akamtazama mtoto aliyekuwa anavuta mtandio kwenye meza yangu. "Nisipolala leo, usishangae," akanijibu.

Ijumaa nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda. Bawabu wa baraza alinitazama, akamtazama mtoto. "Akilia mnatoka wote wawili."

"Halii huyu."

"Wote husema hivyo," akasema, akatufungulia.

Roshani ya wananchi ina mabenchi magumu na panga boi linalozunguka polepole kama limechoka na siasa. Chini madiwani wamekaa nusu duara, kila mmoja na maikrofoni yake yenye taa nyekundu, na mbele yao rasimu ya bajeti, nene kama tofali. Meya yuko katikati na nyundo yake ya mbao, katibu wa baraza kulia kwake, mweka hazina kushoto, amekauka midomo. Mwaka wa fedha ulikuwa unaisha. Bajeti ikikataliwa, hakuna barabara wala mshahara, na mweka hazina ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mbele yangu alikaa muuza mkaa. Muuza nyanya alikuwa pembeni yake, amejifunga kitambaa kichwani. Mwanawe alikuwa amepakatwa.

Nikamtafuta Mama. Niliona mgongo wake na chanuo. Mikono haikuonekana. Nikainuka kidogo nichungulie, nikaona: alikuwa ameikalia. Mikono yote miwili, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Hakutaka ihesabiwe tena bila ruhusa yake.

Katibu akasoma kumbukumbu. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya dawa. Akafika kwenye kifungu cha chumba cha watoto, akasoma kura moja moja kwa kata. "Kata ya sokoni: kifutwe."

"Muone!" muuza mkaa akasema kwa nguvu. Roshani ikaguna. Bawabu akakohoa.

Meya akauliza, "Kuna mwenye kusahihisha kumbukumbu?"

Panga boi lilikwaruza. Nilijua angeweza kusimama. Sentensi moja tu, na muuza mkaa angekuja kwetu kuomba radhi, na muuza nyanya angerudi kwenye benchi. Niliyaona mabega ya Mama yakipanda. Meya akatazama upande wa kushoto, akatazama kulia. Mabega yakashuka.

"Hakuna. Kumbukumbu zimethibitishwa." Nyundo ikagonga.

Hapo ndipo taa nyekundu ya Mama ikawaka. Safari hii alibonyeza kitufe kama wanavyotakiwa.

"Mheshimiwa Meya, nina hoja."

"Kata ya sokoni. Endelea."

"Naomba kifungu cha chumba cha watoto kifikiriwe upya."

Kipa akaruka kitini. "Utaratibu, Mheshimiwa Meya! Kifungu kimekwisha. Aliyeshindwa haruhusiwi kukirudisha!"

"Mimi sikushindwa, mheshimiwa," Mama akasema. "Nilishinda. Nilishinda pamoja na wewe, mpaka ukanishukuru. Imesomwa sasa hivi na imethibitishwa."

Madiwani wakacheka, hata wa upande wa Kipa. Meya akamwinamia katibu. Katibu akanong'ona kitu, akatikisa kichwa kukubali. Meya akaonekana kama mtu aliyekuta mlango ambao hakujua upo nyumbani kwake.

"Hoja inaruhusiwa. Nani anaiunga mkono?"

"Mimi," Mama Miwani akasema, mistari yake inang'aa. "Naiunga kwa kichwa kizima."

Mama akasimama. Nilijua ana maneno mengi, yale aliyokaa nayo mdomoni tangu Jumanne. Hakuyasema yote.

"Waheshimiwa, mkono uliosomwa hapa ni wangu. Siukani. Watu walionichagua wako juu yangu pale, wananitazama kisogo, na wameshaniita majina mnayoyajua. Wana haki. Sitasema aliyepiga kura ile ni mtu mbaya, maana mimi mwenyewe nimo. Ila mimi nimemlea mwanangu amefungwa kwenye mguu wa benchi. Mjukuu wangu yumo humu ndani leo, na nikitoka hapa mikono mitupu, kesho naye anafungwa. Magari yetu yakipigwa na jua, yanapauka rangi. Hayalii. Hayatambai kwenda njiani. Kukosea kwangu kumeandikwa. Naomba na kurekebisha kwangu kuandikwe. Sina zaidi."

Akakaa. Akaikalia tena mikono.

Roshani haikuguna. Muuza mkaa alikuwa amegeuka nusu ananitazama, mdomo wazi, kama anauliza kitu, na mimi nikajifanya namrekebisha mtoto mgongoni.

Kipa akabonyeza kitufe chake, akakiachia. Akakibonyeza tena. "Kwa hiyo unakubali ulikosea, mheshimiwa? Hadharani?"

"Nimeshakubali. Hata kiti kinaniunguza kwa aibu, lakini nimekaa."

Watu wakacheka tena. Kipa hakucheka. Alitazama ile mikono yake mikubwa juu ya meza.

"Wanaokubali kifungu kirudi," meya akasema, "na fedha itoke kwenye banda la magari, wanyanyue mikono."

Mama akauvuta mkono wake kutoka chini ya paja, akaunyoosha. Mama Miwani, na wale wote wa Jumanne. Nikahesabu kwa macho, nikaona ni wale wale pamoja na Mama. Hawatoshi. Katibu akaanza kuandika.

Ndipo mkono wa Kipa ukapanda. Ulipanda polepole, kiganja wazi, ule mkono ambao watu wazima wa jiji hili bado wanausimulia.

"Mheshimiwa Kipa?" meya akasema, kama anayemwamsha mtu.

"Kama yeye kaweza kusema, mimi nashindwa nini?" Kipa akasema kwenye maikrofoni. "Wangu nao ulikosea. Gari langu lenyewe bovu, jua halina cha kuliharibu."

Baada yake ukapanda mwingine kando ya mlango, na mwingine, diwani mmoja mzee akanyanyua wake huku amefumba macho, kama anayeruka mtaro. Wale waliokuwa wamemfuata Kipa Jumanne wakamfuata tena. Katibu akahesabu, akafuta, akahesabu upya kwa kidole, kiti kwa kiti.

"Kifungu kimerudi."

Sijui nani aliyeanza vigelegele. Nadhani ni muuza mkaa, maana sauti yake naijua. Roshani yote ikasimama, meya anagonga nyundo, "Wananchi! Wananchi!" na bawabu aliyetakiwa kututoa akawa ameegemea mlango anachezesha bega. Mtoto wangu, aliyekuwa hajatoa sauti kikao kizima, akapiga makofi na kucheka. Muuza nyanya alikuwa amemkumbatia mwanawe, uso ameuficha shingoni mwake, mabega yanaruka.

Kikao kikaendelea, kwa sababu bajeti ilikuwa bado. Kura ya mwisho haipigwi kwa mikono. Katibu huita kata, diwani akajibu kwa sauti. Tulitulia kusikiliza. Kata ya stesheni, ndiyo. Kata ya mlimani, ndiyo. Kata ya viwandani, hapana, na watu wakamzomea kidogo. Jiji lote likapita pale, kata baada ya kata, mifereji yake na taa zake na taka zake.

"Kata ya sokoni?"

"Ndiyo!" Mama akasema, sauti ikafika kwenye panga boi. Mikono ilikuwa imerudi chini ya mapaja.

Bajeti ikapita. Meya akatia sahihi mbele yetu, katibu akagonga muhuri, mweka hazina akaifunga ile rasimu na kuiegemea kwa viwiko vyote viwili kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Nje kwenye ngazi watu walimbeba Mama juu juu. Alikuwa anapiga kelele, "Nishusheni, viatu vyangu vinabana!" Wakamshusha, wakamvua viatu, wakambeba tena. Muuza mkaa akanijia, amelowa jasho.

"Nilisema mimi! Tangu mwanzo nilisema!"

"Ulisema nini, dada?"

"Nilisema alisimama! Si alisimama?"

Muuza nyanya alisubiri umati upungue. Akasogea mbele ya Mama, akafungua kitambaa kichwani. Mistari ya yule msusi mwingine ilikuwa imepinda, mmoja umeelekea sikioni mwingine umepotea njia.

"Nifumulie," akasema.

Mama akaugusa ule msuko kwa ncha ya kidole. "Huu si msuko," akamwambia, "hii ni ajali. Keti." Akaketi palepale kwenye ngazi za baraza la jiji, na Mama peku, chanuo mkononi, akaanza kufumua huku watu wanaimba.

Jumapili asubuhi tulikuwa uani, Mama na mimi na mtoto. Nilikuwa nimekaa na jambo moja kifuani.

"Mama, sasa si unaweza kuwaambia? Kwamba haikuwa kura, ulikuwa unaomba nafasi. Hakuna tena wa kuzuia."

"Wakishajua, inakuwaje?"

"Watajua hukuwauza hata siku moja."

Akafikiri. "Kipa alinyanyua mkono wake kwa sababu wangu ulikosea. Nikisema wangu haukukosea, nimemwacha peke yake pale juu. Hapana. Na ukae hivyo hivyo." Akamvuta mtoto akamweka pajani, akaanza kumgawa nywele kwa kidole, nywele zenyewe hazijafika urefu wa kusukwa. "Mke mwenzangu, tulia."

Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba kesho mhandisi wa jiji anakuja sokoni kupima mahali pa chumba, na kwamba wanataka mtu mmoja wa akina mama wa soko asimame naye.

"Nimewapa jina lako."

"Langu? Mama, mimi nitamwambia nini mhandisi? Mimi nimesoma shule ya msingi tu."

"Na mimi je? Wewe ndiye mwenye mtoto. Mimi kesho nitakuwa na kichwa cha muuza nyanya, kile kinahitaji siku nzima." Akanyanyua uso, akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya mtandio. "Hawa watu huweka madirisha juu, watoto wakaona dari tu. Nakuomba, mwanangu, mwambie ayashushe. Mtoto akisimama, amwone mama yake pale anapouza."